Vyoo na Taka Katika Mikusanyiko ya Nje: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kualika Wageni

Mavuno yanapokwisha kuingia ghalani, kata zetu huingia katika msimu wa mikusanyiko. Harusi, maulidi, mikutano ya injili, minada, mechi za mpira na mikesha ya Mwenge wa Uhuru hukutanisha mamia ya watu katika viwanja ambavyo siku za kawaida havina choo wala pipa la taka. Kamati za maandalizi hukadiria mchele, viti na maturubai kwa uangalifu mkubwa, lakini mara nyingi choo na taka huachwa viamuliwe siku yenyewe. Makala haya yanaeleza hatari ya kuchelewa huko na namna ya kupanga mapema.

Hatari yenyewe haionekani uwanjani. Vimelea vya kipindupindu hutoka na kinyesi cha mtu aliyeambukizwa, hata kama hana dalili, na humwingia mwingine kwa maji au chakula kilichochafuliwa. Dalili hujitokeza kati ya saa chache na siku 5. Kwa hiyo, mgeni aliyeambukizwa Jumamosi anaweza kuugua Jumatatu akiwa kijijini kwake, na maji ya huko yakachafuliwa naye. Shughuli ya siku moja inaweza hivyo kupeleka ugonjwa katika vijiji vingi kwa pamoja.

Idadi ya matundu ya choo

Kinachoamua idadi ya matundu ni saa ya msongamano, wala si jumla ya wageni peke yake. Tuchukue mfano wa shughuli ya watu 600. Iwapo kila mtu atatumia choo kwa dakika 3, tundu moja litahudumia watu 20 kwa saa. Iwapo watu 200 watahitaji choo katika saa ya chakula, yatahitajika matundu 10. Yakiwepo 4 tu, watu 120 watakosa nafasi katika saa hiyo, na wengi wao wataelekea vichakani.

Mgawanyo nao uzingatiwe. Wanawake hutumia muda mrefu zaidi chooni, na wengi huambatana na watoto. Viwango vya kimataifa vya huduma za dharura hupendekeza matundu 3 ya wanawake kwa kila tundu 1 la wanaume katika maeneo ya umma. Kwa matundu 10, basi, 7 yawe ya wanawake na 3 ya wanaume, na wanaume waongezewe mahali pa haja ndogo. Kila choo cha wanawake kiwe na chombo chenye mfuniko kwa ajili ya taulo za kike. Angalau tundu moja liwe na mlango mpana usio na ngazi kwa ajili ya watu wenye ulemavu na wazee. Shughuli ikiwa ya usiku, njia ya kwenda chooni iwe na taa, na kila mlango uwe na komeo la ndani.

Uchaguzi wa aina ya choo

Njia nafuu ni kuomba vyoo vya shule, msikiti au kanisa lililo jirani. Hata hivyo, shimo likaguliwe kwanza. Watu 1,000 wakimwaga lita 2 kila mmoja, lita 2,000 zitaingia shimoni kwa siku moja. Shimo lililokaribia kujaa linyonywe na gari la majitaka kabla ya shughuli.

Wanaokodi vyoo vya kuhamishika waulize mambo matatu: ujazo wa tangi, nani atakayelinyonya, na majitaka yatamwagwa wapi. Vyoo hivyo viwekwe mahali ambapo gari linaweza kufika hata mvua ikinyesha.

Panapochimbwa vyoo vya muda, shimo liwe umbali usiopungua mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko, na kitako chake kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Shughuli ikiisha, shimo lifukiwe kwa udongo ulioshindiliwa na mahali pawekwe alama.

Karibu na kila kundi la vyoo, na pale panapogawiwa chakula, kuwe na ndoo yenye koki au kibuyu chirizi, pamoja na sabuni. Ateuliwe mtu wa kujaza maji, kwa kuwa ndoo tupu haimsaidii yeyote.

Taka ngumu

Watu 600 wakinywa chupa 2 za nusu lita kila mmoja, zitabaki chupa 1,200. Kwa kuwa kati ya chupa na chupa hubaki nafasi, zitahitaji takriban mapipa 5 ya lita 200. Chupa zitengwe mapema ili wakusanyaji wazichukue zikiwa safi. Mabaki ya chakula yawekwe peke yake kwa ajili ya mifugo au mboji. Plastiki isichomwe uwanjani, kwa maana moshi wake ni sumu kwa majirani. Mama lishe wakumbushwe kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019.

Wajibu wa kila mmoja

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 zinaipa halmashauri wajibu wa kusimamia taka na usafi. Pamoja na hayo, mwenye shughuli ndiye ajuaye idadi ya wageni wake. Anaombwa kufika mapema kwa Mtendaji wa Kata na kwa Afisa Afya akiwa na majibu ya maswali manne: watu wangapi watakuja, watakaa saa ngapi, watatumia vyoo gani, na taka zitapelekwa dampo gani na nani. Gharama ya gari la majitaka na ya mkokoteni wa taka iingizwe katika bajeti pamoja na ya chakula, na watu wa kusafisha uwanja watajwe kwa majina kabla ya siku ya shughuli.