Vifaru Viwili, Tai Mmoja

Jioni za Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, zilikuwa na wenyewe. Kwanza walikuja wazazi wetu, wakishuka kwenye mabasi ya mashamba ya maua, vidole vimechomwa na miiba ya waridi. Giza likiingia, ilikuwa zamu ya viboko, waliotoka majini kutafuta nyasi. Katikati hapo sisi watoto tulibakiwa na saa moja hivi, nayo tuliimalizia kwenye kibanda cha gemu.

Kilikuwa kibanda cha mabati. Ndani mlikuwa na runinga ya Great Wall ya inchi 14, isiyo na rangi, ikitumia betri ya gari. Mashine ya gemu ilikuwa mwigo wa Famicom, ambayo Nintendo ilianza kuiuza Japani mwaka wa 1983. Kaseti yake ilijigamba kuwa na michezo 9,999, lakini ilikuwa michache ileile, inajirudia. Ikigoma, tuliichomoa, tukaipuliza, tukairudisha. Tuliamini pumzi ndiyo dawa. Ukubwani nilijifunza kwamba kilichosaidia ni kule kuichomeka upya, vyuma vikagusana vizuri. Unyevu wa pumzi zetu uliviharibu tu.

Mchezo tulioupenda kuliko yote ni Battle City, uliotolewa na Namco mwaka wa 1985. Vifaru viwili vinalinda tai aliyezungushiwa ukuta wa matofali, na kila hatua ina maadui 20. Kimoja ni cha njano na kingine cha kijani, lakini kwenye runinga ile vyote vilikuwa vya kijivu. Tulivitambua kwa upande vilikoanzia: cha kushoto changu, cha kulia cha mwenzangu. Mimi nyumbani tulizungumza Kikuyu, yeye Kijaluo, na nyuma yetu walisimama Waluhya na Wakisii wakingoja zamu. Kiswahili kilitutosha sote. "Linda tai! Rudi nyuma, linda tai!"

Mwaka wa 2006 baba alileta kompyuta kuukuu kutoka Nairobi, kioo chake kizito amekipakata kwenye matatu njia nzima. Mama aliifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, kama alivyofunika makochi. Ilikuwa na Windows 98, mchezo wa karata wa mtu mmoja, na mahali pa kuandika. Kazi zangu nilizihifadhi kwenye disketi ya megabaiti 1.44, ambayo leo haiwezi kubeba hata picha moja ya simu nzuri. Niliipenda kompyuta hiyo kwa moyo wote. Kuandika nilianzia hapo. Ila haikuwa na nafasi ya mtu wa pili.

Januari 2008 vurugu zilizofuata uchaguzi zilifika Naivasha. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na maelfu wakahama. Mwenzangu wa kulia alipanda lori pamoja na jamaa zake kuelekea magharibi, wala hatukuagana. Nilimwandikia barua kwenye kompyuta, nikaihifadhi kwenye disketi. Sikuwa na anwani ya kuituma.

Katika Battle City, tai hauawi na adui peke yake. Risasi yako mwenyewe ikipotoka ikampata, mchezo umekwisha, kwako na kwa mwenzako. Sisi tulilijua hilo tukiwa na miaka kumi, na ndiyo maana tulipiga kelele pale mmoja wetu alipofyatua ovyo karibu na ule ukuta.

Leo watoto wa Kamere wanacheza kwenye simu, kila mmoja na kioo chake. Siwalaumu. Ninachoomba ni kwa mzazi anayeweka akiba amnunulie mtoto gemu: nunua pedi mbili za kuchezea. Kisha mtume akamwite mtoto wa jirani, yule ambaye kwao wanazungumza lugha nyingine.