Uvungu

Gari jipya likiletwa nyumbani kwa mara ya kwanza, hapa Chanji, vijana huenda kwenye rimu na taa, watoto hujitazama kwenye rangi. Kisha huja mzee, mikono nyuma. Husalimiwa, huitikia, hulizunguka gari polepole, halafu huinama. Hutazama uvunguni. Akiinuka, atasema ama "hili linafaa" ama "hili la lami, mwanangu." Neno la pili halisemwi kwa ubaya, lakini mwenye gari akilisikia hulala nalo.

Uvungu ni neno la kitandani, mahali pa sanduku na viatu vya Jumapili. Mafundi wamelihamishia kwenye gari na limekaa vizuri huko: ni ile nafasi kati ya ardhi na tumbo la gari, sampo ya oili inapopita, na bomba la ekzosi, na tangi la mafuta, vyote vikiomba jiwe lisiwe refu kuliko lilivyoonekana. Lenye uvungu mkubwa tunasema liko juu. Lenye mdogo tunasema limelala.

Kwingine watu hulalisha magari kwa makusudi, wakatumia fedha nyingi kuikaribisha bodi na ardhi. Huku fedha inatoka kwa kazi ya kinyume, kunyanyua. Nimewasikia watu wa mijini wakisema ni ushamba tu, kwamba mtu wa Rukwa hajui gari zuri linavyokaa. Mimi nakataa. Gari kuwa juu ni sehemu ya namna tunavyoishi na watu wetu, na ningependa kulieleza jambo hili kwa heshima linayostahili.

Tuanze na njia yenyewe. Chanji ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, mkoani Rukwa, juu ya uwanda wa Ufipa, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mvua huanza Novemba na hukata Aprili. Miaka ya nyuma, safari ya kutoka Tunduma ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na abiria alipanda basi akijua huenda akalisukuma. Mwaka 2008 Tanzania na Marekani zilitia saini mkataba wa Changamoto za Milenia, na barabara hiyo ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita 220 na ushei, ikawa mojawapo ya zilizojengwa kwa lami kwa fedha hizo. Watu wa Laela, walio kwenye njia hiyo, wanakumbuka. Baadaye lami ikashuka pia kupitia Matai kuelekea Kasanga, kwenye bandari ya Ziwa Tanganyika.

Lakini lami haiingii uani. Inakufikisha mjini, halafu unakata kona, na pale unapokata ndipo Ufipa inapoanza: vichochoro vya udongo ambavyo maji ya Februari huchonga katikati, yakaacha mfereji ambao gari lililolala huukalia kama kuku aliyeatamia. Ukitaka kwenda kwa shangazi bondeni, unashuka kutoka Ntendo kwenda Muze, na bonde la Ziwa Rukwa liko chini yetu kwa karibu mita elfu moja nzima. Ukitaka shambani, unafuata njia ya mkokoteni wa maksai, na mkokoteni wenyewe una magurudumu marefu. Aliyeuunda hakuhitaji kuambiwa juu ya uvungu.

Magari yetu mengi yalizaliwa kwa ajili ya nchi nyingine. Ni Toyota zilizotumika Japani: Probox, IST, Noah, Premio. Kule barabara ni tambarare, na sheria ya Japani inataka uvungu wa sentimita 9 tu. Sentimita 9 ni kama upana wa kiganja cha mtu mzima. Vijana wa huko wana hata jina la mtindo wa kulilaza gari, shakotan, na mara nyingine gari hufika bandarini Dar es Salaam likiwa limekwisha kushushwa na mwenyewe wa kwanza, springi fupi zikiwa bado ndani. Basi jambo la kwanza analofanya mnunuzi, kabla ya kuweka muziki au kuvisha viti, ni kutafuta fundi wa spesa. Vipande hivyo vya chuma au mpira mgumu huwekwa juu ya shokapu au chini ya springi, na gari hupanda inchi moja au mbili. Anayetaka zaidi huweka springi ndefu na tairi kubwa kidogo.

Fundi mwaminifu atakwambia kunyanyua nako kuna bei yake. Gari likipandishwa mno, ekseli za mbele hukaa mshazari, jointi huanza kulia ta-ta-ta unapokata kona, na kwenye mteremko wenye kona kali utahisi gari likitaka kulala ubavu, maana uzito umepanda juu. Tunajua. Tunakubali kulipa hayo kuliko kuacha oili yote njiani usiku, mbali na watu.

Sasa nifike kwenye nililolikusudia. Kwa nini mtu wa Chanji, ambaye siku sita za wiki anakwenda kazini na kurudi kwa lami, anyanyue gari kwa ajili ya njia anayoipita mara moja kwa mwezi?

Kwa sababu gari huku si la mtu mmoja. Kadi ina jina lako, mafuta unaweka wewe, lakini siku ulipolileta nyumbani uliwaletea ndugu na majirani pia. Saa nane ya usiku mtu atagonga dirisha: mke wa jirani ameshikwa na uchungu. Huulizi njia ya kwake ikoje, unatafuta funguo. Mwezi wa sita baba mkwe atapiga simu, na baada ya salamu ndefu atasema mahindi yamekauka na magunia yapo tayari. Mwezi wa tisa kuna posa, wazee sita wanataka kufika wakiwa safi. Na katikati ya yote kuna msiba, ambao haungoji kiangazi. Maiti hurudishwa kuzikwa alikozaliwa, na alikozaliwa ni ng'ambo ya mto ule usio na daraja la maana.

Mwenye gari lililolala hana ubaya wa moyo. Anataka kusaidia. Lakini kila akiombwa inambidi aseme, "Shikamoo mzee, ningekuja, ila gari langu halifiki huko." Mara ya kwanza wanamwelewa. Mara ya pili wanamwelewa. Mara ya tatu hawamwombi tena, na kuachwa kuombwa, kwa mtu aliyekulia Ufipa, ni pigo ambalo hakuna atakayelitaja mbele yako. Utaliona kwenye sherehe: unakaribishwa, unapewa kiti, lakini kazi hupewi. Uvungu wa gari, kwetu, ni umbali ambao ndugu zako wanaweza kukuita. Ndiyo maana yule mzee huinama. Hakagui chuma, anajiuliza kama siku yake ikifika utaweza kuja.

Nimeyajua haya vizuri zaidi kupitia mpwa wangu, mtoto wa dada, aliyenunua Altezza miaka michache iliyopita. Wanaoyapenda magari wanalijua hilo: la mwaka 1998 hadi 2005, linasukuma kwa nyuma, na kwa umbo lake linaonekana limechutama hata kabla halijaguswa. Akataka kulishusha zaidi. Dada yangu akanituma niongee naye.

Nilikwenda na hoja zote hizi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Mjomba, lami mliiomba miaka yote hiyo. Imekuja. Mbona mnaendelea kutembea kama haijafika?"

Sikuwa na jibu pale pale, na bado naliheshimu swali lile. Kijana yule alizaliwa watu wakisukuma mabasi. Kwake gari lililolala, linalopita Jumamosi jioni polepole, bampa karibu na ardhi bila kuigusa, ni ushahidi kwamba Sumbawanga nayo ina barabara ya kupitisha kitu cha namna hiyo. Hataki kuishi maisha yake yote akijihami na shimo. Nani atamlaumu?

Wapo waliowahi kusema hivyo hivyo mbali sana na hapa. Vijana wa Kimarekani wenye asili ya Meksiko, huko Los Angeles, baada ya Vita vya Pili vya Dunia walikuwa wakijaza mifuko ya mchanga kwenye buti na kukata springi ili magari yalale, kisha wakatembea taratibu ili waonwe katika mji ambao haukutaka kuwaona. Mwaka 1958 California ikaanza kutumia sheria kwamba hakuna sehemu ya bodi ya gari inayoruhusiwa kushuka chini ya ukingo wa rimu. Mwaka uliofuata mpenzi mmoja wa magari wa huko, Ron Aguirre, akafunga pampu za haidroliki kwenye gari lake: polisi wakitokea linapanda, wakiondoka linashuka. Hata wao, kwa hiyo, walitafuta gari la kimo zaidi ya kimoja.

Nilimpeleka mpwa wangu kwa fundi ninayemwamini. Vijana wengi hukata springi kwa grainda au huzichoma kwa gesi mpaka zikae. Fundi alikataa yote mawili. Alieleza, akiwa amechuchumaa na springi mkononi, kwamba springi ikipungua mizunguko haiwi laini, inakuwa ngumu zaidi, kwa hiyo kila rasta ya barabarani utaisikia kwenye uti wa mgongo. Ikichomwa, chuma kinapoteza nguvu yake na upande mmoja huzama kuliko mwingine. Na iliyokatwa, tairi likining'inia shimoni, inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake. Kisha akamwonyesha nafasi iliyobaki kati ya shokapu na kizuizi chake cha mpira, kama vidole viwili hivi. "Gari hupumua hapa," alisema. "Ukiziba hapa, kila shimo linakupiga wewe." Akaongeza habari ya tairi kuliwa upande wa ndani magurudumu yanapoinama, na taa za mbele kumulika karibu mno.

Wakati fundi akisema, mimi nilikuwa nikiwaza mababu. Wafipa walikuwa wafua chuma wakubwa. Walijenga malungu, tanuri za udongo zenye kimo cha mita 3 hivi, ndefu kiasi kwamba upepo ulijivuta wenyewe kutoka chini bila kufukutwa na mivuo. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena kwenye kitanuri kidogo, kintengwe, na hapo ndipo mivuo ilipofanya kazi. Watafiti, miongoni mwao mwanaakiolojia wa Norway Randi Barndon, wameandika jinsi tanuri lile kubwa lilivyotendewa kama bibi harusi: lilipambwa, likawekewa dawa, wahunzi wakawa kwake kama waume wenye miiko. Uzuri ule ulikaa juu ya kitu chenye kimo kilichodaiwa na kazi. Lingekuwa fupi lisingevuta upepo, na jembe lisingepatikana.

Sikumwambia mpwa wangu habari hizo siku ile, zingeonekana mahubiri. Alichoamua alikiamua mwenyewe. Alinunua seti ya springi fupi zilizotengenezwa kiwandani, akazifunga mwezi wa nane, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ghalani na harusi zimeanza. Na kwenye harusi, niseme ukweli, hakuna gari lililopendeza kama lile. Bibi harusi aliposhuka hakuhitaji kushikwa mkono wala kuruka; alinyoosha mguu tu, ukafika ardhini. Wazee waliokuwa wakisema "la lami" walisogea wapigwe picha nalo. Nyuma yake kulikuwa na Noah iliyobeba wapishi na masufuria, na Probox iliyobeba mchele na bibi wawili, zote zikiwa juu, na msafara ule ulikuwa umekamilika namna ambayo usingekamilika kwa magari ya kimo kimoja.

Wiki ya kwanza ya Novemba, wingu la kwanza lilipojikusanya, simu ililia. Mama mmoja wa ukoo wetu, upande wa bondeni, alikuwa mgonjwa, na mpwa wangu ndiye aliyekuwa karibu. Hakuweza kwenda. Alisimama uani akilitazama gari lake, na mimi nikaenda na langu. Tuliporudi salama usiku, nilimkuta bado hajalala. Hakusema kitu. Asubuhi alikuwa kwa fundi.

Sasa ana seti mbili. Zile ndefu hukaa garini kuanzia mvua mpaka mavuno yaishe. Zile fupi amezifunga kwenye gunia, akazipaka grisi zisishike kutu, na kuzihifadhi uvunguni mwa kitanda chake. Dada yangu akifagia chumba huzizunguka kwa ufagio, hazisogezi, na ikifika mwezi wa saba huanza kumuuliza nani anaoa mwaka huu.