Moto mmoja, waogaji wengi: somo la Hamamni kwa mji wa Kangeta

Sisi wa Pwani wengi twaijua Kangeta kama aina ya miraa kabla ya kujua kuwa ni mji. Nami nilikuwa hivyo hadi nilipolala huko, kwenye milima ya Nyambene, Kaunti ya Meru. Alfajiri ilikuwa baridi. Nilipoomba maji ya kuoga, mwenyeji wangu aliniambia ningoje, kuni mbichi. Nikatoka nje. Moshi ulifuka kila nyumba: kila jamaa na sufuria yake, kila sufuria na moto wake.

Hapo nikaikumbuka Hamamni ya Mji Mkongwe, Unguja. Jina lenyewe lajieleza: penye hamamu. Ilijengwa na Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Babake, Seyyid Said, alikuwa amejenga hamamu Kidichi kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Lakini hii ya mjini ilikuwa ya watu wote: unalipa ada, unaoga.

Ujenzi wake una hekima. Kuta ni nene, za mawe na chokaa, hivyo joto halitoroki haraka. Mapaa ya kuba yana vitundu vinavyoingiza mwanga bila kufungua dirisha. Maji yalichemshwa mahali pamoja, na moto huo mmoja ukawatosha wengi. Tena Barghash huyohuyo ndiye aliyeleta mjini maji ya bomba kutoka Chemchem; hamamu bila maji ya uhakika ni jengo tu. Leo Hamamni imekauka, wanaingia watalii kutazama.

Simwambii mtu wa Kangeta ajenge kuba. Nasema mji unaokua upange pa kuoga kama unavyopanga soko na stendi. Wachuma miraa, wapakiaji na madereva huamka usiku, na wengi wamepanga chumba kimoja kisicho na bafu. Bafu la umma lenye vyumba vya faragha, wanaume kwao na wanawake kwao, lingeweza kupasha maji kwa jua, kukinga mvua kwenye paa, na kuyachuja maji yaliyotumika yakamwagilie miti. Kuni zitabaki kwa siku za mawingu. Msitu wa Nyambene ndio unaolinda vijito vya watu wa huko; kila mzigo wa kuni unaookolewa ni maji ya kesho.

Kuna atakayesema kuoga ni siri ya mtu nyumbani kwake. Kweli. Lakini sisi tumezoea birika la msikiti: maji ni ya wote, na kila mtu anatawadha kwa heshima yake. Kushirikiana maji hakujawahi kumvunjia mtu staha. Kinachomvunjia ni kwenda kazini bila kuoga kwa kukosa mahali.