Umekohoa wiki mbili? Uliza kipimo hiki

Je, msomaji, umekohoa kwa wiki mbili au zaidi, unatokwa na jasho usiku na kukonda bila sababu? Usijidanganye kwamba ni baridi ya asubuhi au vumbi la barabarani. Huenda ni kifua kikuu, nawe waweza kuwaambukiza unaolala nao chumba kimoja.

Robert Koch, daktari wa Kijerumani, alitangaza Machi 24, 1882 kwamba amegundua viini vya ugonjwa huu. Tangu enzi zake, makohozi yamekuwa yakichunguzwa kwa darubini. Njia hiyo ni rahisi lakini ina kasoro: sharti viini viwe maelfu katika kila mililita ya makohozi ndipo vionekane. Wenye viini vichache, hasa watoto na wanaoishi na virusi vya Ukimwi, mara nyingi huambiwa hawana ugonjwa. Kuvikuza viini katika maabara hufichua zaidi, ila majibu huchukua wiki kadhaa.

Kipimo cha mashine ya GeneXpert, kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) Desemba 2010, hakitafuti umbo la kiini bali jeni zake. Mashine huzinakili jeni hizo mara nyingi mno hadi hata chache zitambulike. Majibu hupatikana kwa muda wa saa mbili hivi. Isitoshe, huonyesha iwapo viini ni sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu. Mwenye viini sugu aweza kumeza tembe za kawaida kwa miezi asipone, huku akiwaambukiza jamaa zake.

Ukifika hospitalini, uliza kama kipimo hiki kipo au kama makohozi yako yaweza kupelekwa penye mashine. Kohoa kwa nguvu kutoka kifuani, kwani mate matupu hayafai.

Hata hivyo, mashine hunasa pia jeni za viini vilivyokufa. Kwa hivyo usishangae daktari akirudia darubini ili kujua kama dawa zinakusaidia. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Usiyakatize eti kwa kuwa umepata nafuu.

Wala usione haya kwenda kupimwa. Katika hospitali za serikali hapa Kenya, dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.