Mafunzo ya Biashara Yanayomfaa Mwanamke

Mwaka 2008 baadhi ya wateja wa shirika la mikopo la PRIDE jijini Dar es Salaam walipewa mafunzo ya biashara bila malipo. Wakufunzi walitoka kituo cha ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vipindi vilikuwa 21, kila kimoja dakika 45, na vilifanyika palepale kwenye mkutano wa kila wiki wa marejesho ili mtu asilazimike kufunga genge lake siku nyingine. Baadhi yao walipewa pia ruzuku ya shilingi 100,000. Watafiti kutoka Norway waliowafuatilia walikuta kwamba biashara za wanaume waliosoma zilikua. Wanawake nao waliyaelewa masomo, lakini biashara zao hazikusonga kwa kiasi cha kuhesabika.

Tunaoshughulika na mafunzo haya hatuna budi kulitazama jambo hilo bila kukwepa. Wanawake wale hawakukosa akili wala bidii. Walikaa darasa moja na wanaume, wakafundishwa na walimu walewale, kisha wakarudi kwenye mazingira tofauti kabisa. Mafunzo yaliongeza elimu yao ya biashara, lakini hayakugusa mambo yanayoamua shilingi ya mwanamke inakwenda wapi baada ya kutoka sokoni.

Tuchukue mfano wa mama muuza nyanya. Asubuhi anachukua tenga kwa shilingi 40,000, anamlipa bodaboda 4,000 na ushuru wa soko 1,000. Gharama yake ni 45,000. Jioni amekusanya 55,000, kwa hiyo amepata faida ya 10,000. Kabla hajafika nyumbani ananunua unga na mboga kwa 5,000. Mtoto anadai madaftari, 2,000. Jirani amefiwa, mchango ni 5,000. Jumla 12,000 zimetoka, na mkononi zimebaki 43,000. Kesho anahitaji 45,000 ili apate mzigo uleule. Biashara yake imepata faida, na siku hiyohiyo mtaji umekatwa kwa shilingi 2,000. Zikipita wiki mbili za namna hiyo atakwenda kukopa, na mkopo wa haraka mtaani ni ule wa riba kali uitwao kausha damu.

Somo la kwanza analolihitaji mama huyu ni kutenganisha fedha za biashara na za nyumbani, na somo hilo halihitaji kitabu kinene. Katika Jamhuri ya Dominika, watafiti walilinganisha aina mbili za mafunzo kwa wateja wa benki ya ADOPEM, wengi wao wakiwa wanawake wenye biashara ndogondogo. Kundi moja lilifundishwa hesabu za biashara kwa utaratibu wa kawaida. Kundi la pili lilifundishwa kanuni chache rahisi: weka fedha za duka mahali pake na za nyumbani mahali pake, na ukihamisha chochote kutoka upande mmoja kwenda mwingine, andika kwamba umekopa. Kundi la pili ndilo lililobadilisha namna ya kutunza fedha. Wale wa hesabu za kawaida hawakuonyesha mabadiliko ya maana. Mtu anayehudumia wateja kutwa huku mtoto yuko mgongoni hawezi kujaza vitabu vinne vya hesabu. Kanuni anayoweza kuitimiza akiwa amechoka ndiyo itakayomsaidia.

Hata hivyo, kanuni peke yake haitoshi ikiwa fedha si zake kuziamulia. Nchini Sri Lanka, watafiti waliwapa wenye biashara ndogo ruzuku za rupia 10,000 au 20,000. Za wanaume zilizaa faida. Za wanawake, kwa wastani, hazikuzaa. Wengi walihitimisha haraka kwamba wanawake hawawezi kukuza biashara. Baadaye wachumi wengine walizichambua upya takwimu za utafiti huo pamoja na za India na Ghana, wakaangalia kaya nzima badala ya mwanamke peke yake. Walichokikuta ni kwamba katika nyumba ambamo mume naye ana biashara, sehemu kubwa ya mtaji aliopewa mke ilihamia kwa mume. Pale ambapo mwanamke ndiye pekee mwenye biashara nyumbani, mtaji wake ulizaa sawa na wa wanaume. Kumbe fedha zilizaa, ila zilizalia kwenye biashara ya mtu mwingine.

Kampala imetupa jibu mojawapo la tatizo hilo. Mtafiti Emma Riley alifanya kazi na wanawake wapatao 3,000 waliokopa kwa BRAC Uganda. Wengine walipokea mkopo taslimu kama kawaida, na wengine waliingiziwa kwenye akaunti ya simu iliyofunguliwa kwa ajili ya biashara tu. Baada ya miezi 8, wale wa akaunti ya simu walikuwa na faida kubwa zaidi kwa 15% na mtaji mkubwa zaidi kwa 11%. Waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa wakibanwa na ndugu na wenzi wao wagawane nao fedha. Kiasi cha mkopo hakikuongezwa na hakuna semina ya biashara iliyofanyika. Noti zilizopo kwenye mkoba kila mtu nyumbani anaziona, na kuzikatalia ni ugomvi. Fedha zilizo ndani ya simu zinampa mwanamke nafasi ya kupanga kabla hajaombwa.

Je, tuseme basi mafunzo hayana maana? Hapana. David McKenzie, mchumi wa Benki ya Dunia, alikusanya matokeo ya tafiti nyingi za mafunzo ya biashara duniani na kukuta kwamba kwa wastani yanaongeza mauzo kwa karibu 5% na faida kwa karibu 10%. Si kiasi kikubwa, lakini si sifuri. Na wastani huo unaficha tofauti kubwa kati ya mafunzo na mafunzo.

Kenya ina mfano mzuri. Wanawake 3,537 kutoka masoko 157 ya vijijini katika kaunti za Kakamega, Kisii, Embu na Kitui walihusishwa katika utafiti wa mafunzo ya siku tano ya Shirika la Kazi Duniani. Mtaala wake, pamoja na hesabu na masoko, unazungumzia waziwazi mambo ya mwanamke mfanyabiashara: mgawanyo wa kazi za nyumbani, namna ya kujadiliana na familia, na ujasiri wa kujieleza mbele ya watu. Miaka mitatu baadaye waliopata mafunzo walikuwa na mauzo ya juu kwa 18% na faida ya juu kwa 15% kuliko wenzao, na biashara zao zilidumu zaidi. Jambo la kutia moyo zaidi ni kwamba wanawake wa masoko yaleyale ambao hawakupata mafunzo hawakupoteza wateja. Waliosoma waliongeza bidhaa na huduma, na soko lenyewe likapanuka. Zingatia pia muda: matunda haya yalionekana wazi baada ya miaka mitatu. Mfadhili anayedai ripoti ya mafanikio baada ya miezi sita anaweza kuufuta mradi mzuri kabla haujazaa.

Mfano wa pili unatoka Lomé, mji mkuu wa Togo. Biashara ndogo 1,500 ziligawanywa makundi matatu ya 500. Kundi la kwanza halikupewa kitu. La pili lilipata mafunzo ya kawaida ya uendeshaji wa biashara. La tatu lilipata mafunzo yaliyotungwa na wanasaikolojia, yanayojenga tabia ya kutangulia mambo: kuliona tatizo kabla halijafika, kutafuta kinachokutofautisha na jirani yako, kujiwekea lengo la mbali na kutovunjika moyo ukikwama. Masomo yalichukua saa 36, kisha mkufunzi akawa anamtembelea kila mfanyabiashara mara moja kwa mwezi kwa miezi minne. Katika miaka miwili iliyofuata, faida za kundi la tatu ziliongezeka kwa 30%, na kwa wanawake ongezeko lilifika 40%. Kwa wanawake waliopata mafunzo ya kawaida lilikuwa 5% tu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikodisha magauni ya harusi aliona kwamba bibi harusi anahitaji pia vitu vingine vya kuvaa na gauni, akaanza kuuza na hivyo. Kila anayejua safu za mama lishe zenye pilau na maharage yaleyale, sahani kwa bei ileile, atatambua kwa nini somo la kujitofautisha lina thamani.

Nikiitazama mifano hii pamoja, naona mambo manne ambayo mafunzo mengi ya kwetu hayana. Kwanza ni ufuatiliaji. Semina ya siku mbili hotelini, posho mkononi na cheti mwishoni haiwezi kushindana na mkufunzi anayefika gengeni, akaona shehena ilivyopangwa na daftari lilivyojazwa. Pili ni saa na mahali. Mwanamke anayefunga biashara siku tano anapoteza mauzo ya siku tano, na mwenye mtoto anayenyonya hatakuja kama hakuna wa kumshikia. Dar es Salaam walijaribu kulitatua hili kwa kuweka masomo siku ya marejesho, na wazo hilo linafaa kuigwa. Tatu ni njia ya kulinda fedha, iwe akaunti ya simu au kikoba chenye sanduku la funguo tatu. Nne ni soko. Mwanamke aliyefundishwa kutengeneza sabuni katikati ya wenzake 30 waliofundishwa sabuni hiyohiyo, mtaa huohuo, ameandaliwa kushindwa.

Katika hili la soko serikali zina nguvu kuliko mkufunzi yeyote. Kenya na Tanzania zote zimetenga 30% ya ununuzi wa umma kwa makundi maalumu, wakiwemo wanawake. Kenya ilianzisha Mfuko wa Wanawake mwaka 2007. Nchini Tanzania, halmashauri zinatakiwa kutenga 10% ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya asilimia hizo 10, nne ni za wanawake. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Lakini tenda ya kushona sare za shule haimfikii fundi asiyejua kujaza zabuni, na mkopo wa kikundi haumfai anayeukabidhi kwa mume jioni ileile. Hapo ndipo mafunzo yangetakiwa kuunganishwa na fursa yenyewe: unafundishwa kujaza zabuni wiki ambayo zabuni imetangazwa, na unafundishwa kupanga mtaji siku ambayo mkopo unaingia.

Wito wangu kwa maofisa maendeleo ya jamii, benki na wafadhili ni huu: msihesabu waliohudhuria, hesabuni faida zao baada ya mwaka mmoja na baada ya mitatu, na bajeti ya ukumbi na chakula ipunguzwe ili ilipie mkufunzi wa kumtembelea mwanamke pale anapouzia. Kwako dada na mama unayeitwa kwenye mafunzo, una haki ya kuuliza kabla hujafunga biashara yako: nani atanifuatilia baadaye, na soko la hiki mnachonifundisha liko wapi? Wasipokuwa na jibu, siku hiyo baki gengeni kwako, na jioni tenga fedha ya mzigo wa kesho kabla hujagusa ya matumizi.