Jinsi ya kuichakaza AK ya mchezo, na mahali pa kuishia

Leo tuongelee bunduki, ila msishtuke, ni za mchezo. Huku Uingereza kuna mchezo unaitwa easofti, ulianzia Japani miaka ya 1970. Watu wazima kabisa wanavaa magwanda, wanaingia msituni na kurushiana vigololi vya plastiki vya milimita 6. Wengi wanapenda AK, lakini hawataki ing'ae kama sahani mpya. Wanataka ionekane imekula chumvi.

Tatizo ninaloliona mara nyingi ni mtu kukwaruza kila mahali. Bunduki inakuwa kama imeburuzwa na lori. Jamani, uchakavu una sababu zake! Angalia jembe la zamani: mpini umelainika pale mkono unaposhika, sio kwingine. Mimi nafanya hivi:

1. Toa betri na magazini, hakikisha hakuna kigololi ndani. Fungua mbao, halafu ziba matundu yote kwa karatasi ya gundi ili vumbi lisiingie kwenye mota.

2. Anza na ubavu wa kulia. Swichi ya usalama ya AK ni ndefu, na kila ikipandishwa na kushushwa inasugua bodi, inaacha alama ya upinde. Alama hiyo peke yake inaipa bunduki umri kuliko mikwaruzo mia. Kisha nenda kwenye kingo za pale magazini inapoingia. Tumia msasa laini, namba 800 au 1000, wenye maji. Sugua kidogo, futa, tazama.

3. Kama bodi ni ya plastiki, msasa utakuonyesha plastiki tu. Hapo chovya brashi kwenye rangi ya fedha, ifute kwenye karatasi mpaka ibaki kavu karibu kabisa, ndo upitishe juu ya kingo. Kutu nayo iwe ya rangi ya kahawia, kwa sponji, kwenye vichwa vya skrubu na pembeni mwa ribiti. Usiilete kutu ya kweli, itakula bunduki yako.

4. Mbao: ondoa vanishi kwa msasa namba 120, malizia na 240. Gonga kidogo kwa funguo. Paka rangi ya mbao, iwe nzito pale mikono inaposhika, kisha mafuta ya linsidi. Na hapa sikilizeni: kitambaa chenye mafuta hayo kikikunjwa kinaweza kupata joto na kuwaka moto chenyewe. Kitandaze nje kikauke.

Sasa lile kubwa. Ukiichakaza vizuri, hakuna atakayeitofautisha na ya kweli, hata polisi. Huko Cleveland, Marekani, tarehe 22 Novemba 2014, mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, alipigwa risasi na polisi akiwa na bunduki ya easofti isiyokuwa na ncha ya rangi ya chungwa. Alifariki kesho yake. Ile ncha wengine wanaiona inaharibu sura. Mimi naiona ni roho ya mtu.

Hapa Uingereza sheria ya 2006, iliyoanza kutumika kwa bunduki bandia Oktoba 2007, inasema kugeuza bandia ya rangi kali ionekane ya kweli ni kosa. Wanaosalimika ni wenye sababu zinazotambuliwa: filamu, tamthilia, maonyesho ya historia, au mchezo wenyewe kwenye viwanja vyenye bima. Na kutembea na bandia hadharani bila sababu ya msingi nalo ni kosa.

Kwa hiyo kama yako ni ya bluu au ya kijani na huna sababu hizo, iache na rangi yake. Mbao unaweza kuzizeesha, bodi usiiguse. Ukiisafirisha, iwe ndani ya begi lililofungwa, sio begani. Na kama una mtoto nyumbani, ifungie kabatini, maana yeye hajui kwamba baba ameipaka rangi tu.

Kazi kwenu wadau. Mwenye ujanja mwingine wa mbao amwage hapo chini.