Mbwa akigongwa na pikipiki, tusimutupe

Hapa Kalemie, baba akiwa ku machimbo, ni mbwa ndiye anatulindia nyumba usiku. Lakini pikipiki ikimugonga, tunasema: «Amekwisha, mumutupe.» Apana, tusiharakishe.

Kwanza tumuangalie ufizi. Tuufinye na kidole, tuachilie. Rangi nyekundu ikirudi mbele ya sekonde 2, damu ingali inatembea muzuri. Ufizi ukiwa mweupe na baridi, ni hatari: pengine damu iko inamwangika ndani ya tumbo, hata kama hatuone kidonda.

Pale damu inatoka, tukandamize na kitambaa safi, bila kufungua-fungua. Tumulalishe juu ya ubao, tumufunike blanketi, tumupeleke mbio kwa munganga wa nyama. Yeye atamutia seromu ndani ya mushipa, atamupasha joto, atamupa dawa ya maumivu ya mbwa. Dawa zetu za kichwa, parasetamoli ao ibuprofeni, tusimupe: zinaweza kumuua. Chakula pia hapana, sababu pengine atapasuliwa.

Mbwa mwenye maumivu anauma hata mwenye kumufuga. Tumufunge mudomo na kitambaa, ila kama anatapika ao anapumua kwa shida, tuache. Akimuuma mutu, tuoshe kidonda na maji na sabuni dakika 15, kisha twende hospitali siku ile ile: kichaa cha mbwa kikisha kuonekana kwa mutu, karibu kila mara kinaua.

Na mbwa akipona, tumuchanje.